Kwa Fundi Longini, Aliyevunjikiwa na Tapu

Fundi Longini,

Sikuulizi hali. Hali yako nimeiona kwa macho: udongo mwekundu wa Matiri, na msalaba wa mbao ambao binti yako Gaudensia ameuandika jina lako kwa rangi iliyobaki ya mlango. Salamu za kwetu Chiwanda, ziwani Nyasa, utazipata kwa wenyewe, maana huko uliko Wanyasa ni wengi na hawajui kunyamaza. Mimi nakuandikia nikiwa na hasira, na sehemu ya hasira hii ni yako, kwa hiyo usidhani nimekaa hapa kulia.

Bado nipo Dar es Salaam, karakana ileile ya barabara ya Pugu. Mbele yangu kuna karatasi mbili. Moja ni hii. Ya pili ni ya meneja wetu wa zamani, ambaye sasa si meneja tena, ni mwenye mali, kwa sababu karakana yetu ya Mbinga ilipouzwa aliyeinunua ni yeye. Anataka nimwandikie faida za kukata thredi, ile mizunguko ya kushikia bolti, kwa mashine ya kompyuta. Ataipeleka benki, wamkopeshe, alete mashine kuukuu kutoka nje. Akifanikiwa, kazi ni yangu. Mbinga, Fundi. Siku moja tu ya lori kufika kwa mke wangu, badala ya hivi ninavyowaona watoto mara moja kwa mwaka na wakati mwingine wananisalimia kama mgeni.

Nimeianza karatasi yake mara tatu. Kila nikiandika faida moja nakukuta wewe umesimama kwenye mstari uleule, mikono ina oili, unanitazama. Basi nimeisukuma pembeni. Faida nitakueleza wewe kwanza. Wewe ndiye uliyezistahili.

Nianze na kitu chenyewe, maana ungekuwa hai ungeshanikatiza. Wenyewe wanakiita thredi milingi. Si tapu. Tapu unaijua kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona: chuma chenye meno, kinene sawasawa na tundu, unakizungusha kikiingia na meno yake yanang'ang'ania ukuta pande zote kwa mara moja. Hiki kingine ni chembamba kuliko tundu. Kinashuka mpaka chini bila kugusa kitu. Halafu kinasogea pembeni, kinauma ukuta kidogo, na huku kinajizungusha chenyewe kinatembea kulizunguka tundu lote, mzunguko mmoja, kikipanda taratibu kwa kipimo cha thredi moja. Kikimaliza kinarudi katikati na kutoka. Ukichungulia, thredi zipo, zinang'aa.

Mara ya kwanza nilipoiona nilifumba macho. Kazi yangu hapa ni kunyanyua vyuma, kuvifunga kwenye mashine na kufagia. Anayeiendesha ni dada mmoja wa Moshi anaitwa Neema, amesoma chuo cha ufundi. Tundu lilikuwa lisilotokea upande wa pili, chuma kigumu, na mimi nikasubiri ule mlio. Unaujua. Mdogo tu, kama kijiti kikavu kinachovunjika. Neema akaniona nimekunja uso, akasema, "Kaka Wili, fumbua macho. Hii haijang'ata mtu bado."

Wiki mbili zilizopita ilivunjika. Nilikuwa nimesimama palepale. Kile kifaa kilikatika ndani ya tundu, kwenye kipande walichokichonga siku mbili, na mimi nikashika kichwa nikasema, basi, kipande kimekufa. Neema hata karanga zake hakuacha kutafuna. Alifungua mlango wa mashine, akapuliza tundu kwa upepo, akachukua kibanio, akakitoa kile kilichovunjika kama mtu anayetoa mwiba kidoleni, akakiweka kwenye kiganja changu. Kilitoka kwa sababu ni chembamba kuliko tundu. Hakikuwa kimebanwa na chochote. Akafunga kingine, akabonyeza, kikaanza upya kwenye thredi zilezile bila kuziharibu, na kipande kikaenda kwa mwenyewe.

"Umeona msiba hapo?" akaniuliza.

Nilitoka nje nikalipiga teke pipa la mabaki ya chuma mpaka kidole kikavimba. Wakasema Mngoni amepungukiwa. Hapa kila mtu wa Ruvuma ni Mngoni, nimechoka kuwasahihisha.

Ndiyo, nilikuwa nimeona msiba. Niliuona Mbinga, kwenye jiliwa letu la kubania vyuma, na tangu siku hiyo sijausahau.

Nataka tuirudie siku ile, mimi na wewe, kwa sababu ulipokuwa hai ulinikataza kuitaja. Ilikuwa msimu wa kahawa, miaka ileile wanunuzi binafsi walipoanza kuingia, magari mengi mjini kuliko mbwa. Mzee Shomari, mwenye duka karibu na soko na mashine ya kusaga nyuma ya duka, alikuwa amevunjikiwa na shafti. Ukamchongea mpya kutoka ekseli ya lori, maana chuma kingine hakikuwepo. Siku tatu umeinama kwenye mashine ya kukereza. Ikabaki kazi ndogo: tundu moja kichwani mwa shafti, la bolti ya kushikia puli.

Siku zote Mzee Shomari alikuwa anaacha kazi na kwenda zake. Siku ile hakwenda. Watu walikuwa na mahindi yamepanga foleni dukani kwake, akaona akikaa tutaharakisha. Akavuta kreti la soda, akaketi hatua mbili kutoka kwenye jiliwa, kofia yake nyeupe safi katikati ya uchafu wetu wote, akasema, "Fanyeni, mimi sina neno."

Na wewe ukalisukuma kopo chini ya meza kwa mguu.

Mimi peke yangu niliona. Kopo la mafuta ya nguruwe, aliyoyeyusha Mama Gaudensia kwa mikono yake. Wiki ya kwanza kabisa ulinifundisha: nusu mbele, robo nyuma, chovya. Kwenye chuma kigumu hayapo mafuta yanayoyashinda yale, tapu inapita inaimba. "Mnyasa, kwa chuma ni kama ukweni, huendi mkavu." Nikakuuliza kwetu ziwani tusio na nguruwe wengi tufanyeje, ukasema, "Leteni usipa, hao dagaa wenu, tuutwange." Tulicheka siku nzima kwa upuuzi ule.

Siku ile hukucheka. Ulichukua oili ya injini. Nilikutazama, ukanitazama, na macho yako yakaniambia nifunge mdomo. Nilielewa. Shafti ile itasaga unga, unga ule ataula yeye na wanawe na Waislamu wenzake wa pale sokoni, na mwenyewe amekaa hapo anakuona. Shafti zake zote zilizotangulia ulizipaka mafuta yaleyale akiwa hayupo na usingizi ulikupata vizuri. Lakini mbele ya macho yake mkono ulikataa. Nimefikiria sana jambo hili na bado sijui kama ni heshima au ni wazimu.

Tapu zenyewe zilikuwa butu. Ulikuwa umemwomba meneja tapu mpya tangu masika. "Subiri ubinafsishaji," ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu, tapu, tupa, sabuni ya kunawia. Ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita inalalamika. Ya tatu, ile ya kumalizia chini ya tundu, ambako mabaki ya chuma yanajazana na hayana pa kwenda, ukaenda nusu mbele, robo nyuma, nusu mbele, na jasho lako likadondoka kwenye shafti. Nikataka kusema, Fundi, toa kopo, liwe liwalo. Sikusema.

Kikalia kile kijiti.

Sitakueleza ulivyohangaika, ulikuwepo. Patasi, nyundo, kekee mbili zikavunjika juu ya ile tapu, maana chuma cha tapu ni kigumu kuliko chochote tulichokuwa nacho. Jioni shafti ikawa chuma chakavu. Mzee Shomari alikuwa ameondoka mapema, kimya, akisema tu "pole, fundi". Na meneja akaja amesimama mlangoni, mikono mfukoni, akasema kwa sauti ya kusikiwa na karakana nzima, "Mkono wa mzee umekwisha."

Unajua alikuwa na nini mfukoni? Alikuwa ameambiwa atoe majina ya watu wa kupunguzwa. Alihitaji jina la kwanza, jina ambalo hakuna atakayelipigania, na wewe ukampa. Ulimpa kwa kunyamaza. Ungesema neno moja, tapu butu, angalau hilo. Lakini ukilisema hilo mtu atauliza mbona juzi ulikata chuma kilekile na tapu ileile, na utafika kwenye kopo. Kwa hiyo hukusema hata hilo.

Njiani ukanishika bega. "Apa, Wiliamu. Ukisema, umemwambia yule mzee kwamba amekula najisi miaka yote kwa mkono wangu. Usimvunje moyo." Nikaapa, kwa sababu ulikuwa mwalimu wangu na mimi nilikuwa mtu wa darasa la tano niliyetoka kuvua na kubeba magunia, na kila ninachokijua cha chuma ni wewe ulinipa.

Wakakupunguza. Mwezi uliofuata wakanipunguza mimi. Na kilabuni wakakubatiza. Mzee Tapu. "Umempelekea Mzee Tapu? Basi nenda na shahidi." "Mzee Tapu, nifungulie chupa, lakini shingo usiivunjie ndani." Ulikuwa unapita na jembe begani kama hujasikia. Watu wakaacha kukuletea vitu nyumbani. Mkono uliokuwa ukitengeneza kila pampu na kila mashine kutoka Mbinga mpaka Tingi ukabaki kuchimba ngolo, yale mashimo ya mahindi ya kwenu Wamatengo, na kupalilia kahawa. Nilipokuja Dar nilikuaga shambani. Ulikuwa umeshika jembe vilevile ulivyokuwa unashika tupa, kidole gumba juu. Nikageuka haraka nisikuangalie.

Sasa sikiliza faida.

Ulikuwa na sanduku la tapu na nusu ya nafasi zake zilikuwa tupu, kwa sababu kila unene wa tundu unataka tapu yake, na zilizovunjika hazikurudi. Kifaa hiki, mradi nafasi kati ya thredi na thredi ni ileile, kimoja kinakata tundu jembamba na tundu nene. Unabadili duara tu. Unakumbuka tulivyotafuta tapu ya thredi ya kushoto kwa ajili ya ule mtambo wa maji, tukaenda hadi Songea na kurudi mikono mitupu, ukakaa siku mbili unachonga ya kwako kutoka tupa ya zamani? Hapa Neema anabadili amri kwenye kioo, na kifaa kilekile cha kulia kinakata kushoto. Nilipoona hilo nilisema tusi. Akaniambia nikaombe radhi kwa mashine.

Bolti ikiingia kwa kubana, anaongeza unywele mmoja kwenye namba na kupitisha tena. Ikiwa ukuta wa chuma ni mwembamba haupasuki, kwa sababu kifaa kinauma upande mmoja kidogokidogo, hakisukumi pande zote. Mabaki yanatoka kama ngano iliyopondwa, membamba, hayajisokoti na kujazana chini. Kinakata karibu kabisa na sakafu ya tundu. Hakuna ya kwanza, ya pili, ya tatu. Lile tundu la Mzee Shomari kingelimaliza kabla hajamaliza kuketi kwenye kreti lake.

Na hakihitaji kopo. Yanamwagika maji meupe kama maziwa, yenye dawa kidogo. Hayaulizi dini ya mtu.

Usidhani naisifia kwa sababu ni ngeni. Ni ghali mno. Kwa tundu la kawaida kwenye chuma laini tapu bado ina haraka zaidi, na Neema mwenyewe anatumia tapu huko. Tundu refu na jembamba hakiliwezi vizuri, kifaa kinatetemeka. Na mkono wa mtu hauwezi kabisa kuifanya, lazima mashine inayokwenda pande tatu kwa wakati mmoja kwa kipimo, na umeme usiokatika katikati. Umeme wa Mbinga unazimika kabla wali haujaiva. Meneja hataki niandike haya. Aliniambia, "Andika faida tu, hasara benki watazikuta wenyewe."

Lakini kinachonitoa usingizini si hayo. Ni kwamba kitu hiki kilikuwepo duniani siku ile. Neema anasema mwalimu wake alikiona alipokuwa masomoni nje, zamani. Watu fulani mahali fulani walikuwa wanavunja kifaa na kukitoa kwa kibanio na kuendelea kutafuna karanga, siku ileile wewe unaitwa mkono uliokwisha. Kilichopungua hakikuwa mkono. Kilipungua chuma, na tulikipunguziwa na watu waliojua, na lawama ikaangukia kwenye vidole vyako.

Barua ya Gaudensia ilinifikia umeshazikwa siku tisa. Nikaenda kwa bosi kuomba ruhusa. Akaniuliza, "Ni baba mzazi?" Nikasema hapana, ni fundi wangu. Akasema, "Fundi wako si mimi?" na wote ofisini wakacheka. Nikarudi kufagia.

Nilifika miezi miwili baadaye, wakati wa likizo. Gaudensia alinipikia, hakulia, amekuwa kama wewe. Nikamwuliza mazishi yalikwendaje. Akasema watu walikuja, padri alikuja, meneja alituma sukari na mchele. Halafu akasema waliposoma historia yako walisema umezaliwa hapa, ukabatizwa hapa, ukaoa, ukawa mkulima wa kahawa na mahindi. Mkulima, Fundi. Miaka yako yote ya chuma haikutajwa. "Msomaji aliona tutaona aibu," akasema Gaudensia. "Alituficha aibu." Nikaacha ugali palepale.

Wamekuzika bila kazi yako. Kama wamekuzika bila mikono.

Kesho yake nilishuka mjini, na mtu akaniambia Mzee Shomari ananitaka dukani. Amezeeka, jicho moja limeingia ukungu. Nikasema shikamoo, akasema marahaba, akanipa kiti, akafukuza wateja kwa mkono kama kuku. Akasema, "Nimekungoja wewe. Mimi nilikuwa hatua mbili. Mkono ule haukutetemeka. Nini kilimshinda?"

Nikasema sijui, mzee.

"Unajua."

Nikakumbuka kiapo chako, nikatazama mlango. Akanitazama kwa lile jicho moja zima, halafu akasema, "Ni lile kopo, siyo? Siku ile sikuliona."

Nadhani uso ulijibu.

Fundi, sikia alichosema, nakuandikia kama alivyosema. "Wiliamu, pua yangu si pambo. Nilijua tangu shafti ya kwanza. Chuma kilikuwa kinanukia jiko la Mmatengo. Nilikuwa nikifika nacho hapa naosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa, nafunga, nasaga. Kikishaoshwa kimeoshwa. Nilidhani anajua kwamba najua. Miaka yote ile nilidhani tumeelewana."

Nikamwuliza mbona alikaa siku ile. Akasema, "Haraka tu. Ningejua nimeikalia tapu yake ningetoka nikaenda msikitini hata kama si saa ya sala. Mbona hakuniambia, Shomari, hebu tupishe?"

Ndiyo. Mbona hukumwambia? Maneno matatu, Fundi. Shomari, hebu tupishe. Umekufa kwa ajili ya maneno matatu.

Nikamwuliza na yeye mbona meneja aliposema mkono umekwisha hakukutetea. Hapo akainama. Akasema alidhani ni kweli, ni uzee, na akaona kumtetea mtu kwa jambo lililoonekana na wote ni kumzidishia aibu. Kwa hiyo akanyamaza kwa heshima. Wewe unamheshimu, yeye anakuheshimu, mimi nawaheshimu wote wawili na kiapo changu mdomoni, na katikati ya adabu zetu zote meneja anapita na kalamu. Mzee Shomari alisema, "Jina lake tumeliua kwa adabu, sisi watatu."

Nilitoka pale nikitaka kukufukua nikupigie kelele. Ulikuwa unamlinda mtu ambaye hakuhitaji kulindwa. Ulinifunga mdomo kwa siri ambayo haikuwa siri.

Na sasa nakiri langu, usidhani ni wewe tu. Siku ya kuondoka meneja aliniita ofisini, akanipa soda, ndipo akanieleza habari ya benki na mashine. Akasema, "Ukija utakaa kwenye meza ya Mzee Tapu," akacheka. Na mimi nilitabasamu. Nilijua yote niliyoyajua, nimetoka kwa Mzee Shomari siku mbili tu, na midomo yangu ilitabasamu kwa sababu kichwani nilikuwa nimeshafika nyumbani, nimeshavua viatu. Tabasamu lile limenikaa mdomoni kama kutu tangu siku hiyo. Ndiyo sababu pipa likala teke.

Gaudensia amepanga kumaliza msiba baada ya kuuza kahawa. Nimeomba ruhusa. Bosi amekataa, kwa hiyo nitaondoka bila ruhusa, na nikirudi nikakuta mtu mwingine ameshika fagio langu, basi. Meneja atakuwepo, hakosi penye watu. Mzee Shomari amesema atapanda gari mpaka Matiri na jicho lake moja, na atasema mwenyewe habari ya kuosha mara saba. "Wenzangu wakinicheka wacheke," alisema. "Unga wangu ni safi na fundi wangu alikuwa safi."

Karatasi ya meneja nitaiandika, kwa sababu kitu chenyewe ni kizuri na vijana wa Mbinga wanastahili kukijua. Nitaandika faida zote, na hasara zote, na umeme. Nitamkabidhi baada ya kusema, si kabla. Nikishasema kwamba tapu zilikuwa butu na uliomba mpya na yeye alisema subiri, sidhani kama ataipokea. Mke wangu nimemweleza kwa barua kwamba huenda kazi ya Mbinga ikapotea. Hajajibu. Sina haki ya kumlaumu.

Kwa hiyo, Fundi, kiapo chako nakurudishia. Sikivunji nyuma ya mgongo wako, nakurudishia mkononi, kikiwa kizima, hakina kazi tena. Ukikasirika, kasirika. Nimekasirika peke yangu muda mrefu, nitafurahi kupata mwenzangu.

Ahadi yangu ni hii. Nitasimama mbele ya watu wa Matiri na wa mjini, mimi Mnyasa wa darasa la tano, na nitaisoma historia yako upya. Nitasema ulikuwa fundi. Nitalitaja hilo kabla ya ukulima, kabla ya ndoa, hata kabla ya ubatizo, padri atanisamehe. Nitataja shafti, pampu, ile tapu ya kushoto uliyoichonga mwenyewe. Atakayesema Mzee Tapu mbele yangu nitamwuliza yeye amewahi kutengeneza nini.

Kwaheri, Fundi. Lala upande wowote utakaokufaa. Mimi nakwenda kukata tiketi.

Wiliamu wa Chiwanda